Mgomba Uliozikwa na Tunguu Lake

Kariakoo, Dar es Salaam
8 Februari 1993

Mwalimu Leah,

Mswada wako umenifikia salama, umefungwa kwa kamba ya mgomba kama maharage ya kupeleka mnadani. Nimeusoma siku mbili, mlango nimefunga, simu ya jirani nimekataa kuitwa. Tangu niache kazi ya serikali na kufungua hii kampuni yangu ya chumba kimoja, nimeletewa riwaya za mapenzi ishirini na tatu na za wachawi tisa. Ya vita vya Kagera ni hii yako tu, na katika maisha yangu yote sijaona hadithi ya vita inayosimuliwa na mgomba.

Msomaji wa huku pwani hajui kwamba kwenu Kisondela, askari akifia mbali na mwili usirudi, jamaa hukata shina la mgomba, wakalivika sanda na kulizika mahali pake. Lakini umemweleza vizuri, maana shina lenyewe ndilo linalosema, limelala chini ya udongo linawasikiliza wanaolia juu. Nilipofika hapo nilishuka kitandani nikakaa kitini.

Nina maswali mawili ya mhariri. Umeandika kwamba mgomba ule ulizikwa na tunguu lake. Mimi nimekulia Ibighi, najua shina hukatwa safi na tunguu, lile la mizizini, hubaki shambani, vinginevyo litachipua juu ya kaburi. Umekosea, au ni ishara? Swali la pili ni mwisho. Mgomba unabaki unajiuliza kama kijana ambaye ulizikwa badala yake alikufa kweli, kisha basi, karatasi zimekwisha. Wasomaji watanirudishia kitabu. Niandikie sura moja zaidi.

Nakumbuka msiba wa kaka yako Ambindwile. Tulikuwa darasa la sita. Baba ndiye aliyeshona sanda ya lile shina, nami nilimshikia ncha ya kitambaa huku nalia. Sikujua kama ungeweza kuyaandika mambo hayo.

Wako,
Hashimu


Kisondela, Tukuyu
27 Februari 1993

Bwana Mhariri,

Naona umekuwa mkubwa, mtoto wa fundi cherehani, siku hizi unakataa kuitwa kwenye simu. Nimefurahi ulivyoipenda kazi yangu, nimefurahi sana, na darasa la nne wamepumzika viboko wiki nzima.

Tunguu ni la hadithi tu. Usilitafutie maana. Mgomba niliuchagua kwa sababu askari akisimulia vita ataulizwa alikuwa wapi, na nani, siku gani, nani shahidi. Mgomba hauulizwi kitu.

Sura nyingine sina. Ukitaka uchape ilivyo, hutaki nirudishie. Ila naomba jambo moja na ulishike: jina la kijiji chetu lisionekane popote, na jina langu weka herufi mbili za mwanzo, zinatosha. Mama hajui kama nimeandika. Hasomi, na ningependa ibaki hivyo.

Nilimwona dada yako Shamimu gulioni na vitenge vyake. Anasema tangu biashara ifunguliwe anavuka mpaka kwenda Karonga, Malawi, kila Alhamisi, na amenenepa.

Ndimi,
Leah


Kariakoo
20 Machi 1993

Mwalimu,

Barua yako imenikuta nimeshafanya jambo, na nadhani utanishukuru. Kuna gazeti jipya la kila wiki, la watu binafsi, yanazaliwa kila mwezi siku hizi. Wametoa kipande cha sura ya pili, pale mgomba unapowaza jinsi jina la marehemu lilivyoingizwa kwenye orodha: "Aliandikwa kwa penseli, na anayeandika kwa penseli anataka aweze kufuta." Wameweka jina lako zima, Leah Mwangoka, mwalimu wa Kisondela, Rungwe. Nimekuwekea nakala.

Watu wanaisifu. Mhadhiri mmoja alinisimamisha barabarani akasema tunguu lile ni nchi yetu, imekatwa, imezikwa, sasa milango imefunguliwa inachipua. Nikajidai nilikuwa nimeliona hilo mapema. Wewe sema ni la hadithi tu, sisi tuache na ishara yetu.

Ile sura bado naingoja.

Hashimu


Kiwira
5 Aprili 1993

Mwalimu Leah Mwangoka,

Hunijui. Nimesoma maandishi yako gazetini. Umesema jina la marehemu liliandikwa kwa penseli. Orodha ile tuliiona watu wawili tu, na mmoja wao ni mimi. Nataka uniambie ni nani aliyekupa habari ya penseli.

Jana nilifika nyumbani kwenu ukiwa huko kanisani. Nimeuona mgomba uliosimama juu ya kaburi. Mama yako alisema hajui Kiswahili, akaingia ndani akafunga mlango.

Nimefikia nyumba ya wageni hapa Kiwira, kesho naondoka, kazini kunaniita. Nitarudi mwezi wa sita. Barua hii usimwonyeshe mtu.

Rodrick


Kisondela
7 Aprili 1993

Hashimu,

Simamisha kitabu. Usichape hata ukurasa.

Kuna mtu amekuja na lile gazeti lako, limekunjwa mfukoni. Mimi nilikuwa kanisani, Mama anasema ni mrefu, anachechemea, viatu vimepigwa rangi. Amesimama kaburini kwa Ambindwile muda mrefu, kisha akaushika ule mgomba kama mtu anayepima nguo. Tangu hapo Mama hali. Anakaa mlangoni, mtu akipita barabarani anaingia ndani.

Mimi nafundisha hesabu, mkono unaandika ubaoni, masikio yako nje. Jana nilisikia viatu varandani nikaangusha chaki, kumbe ni mwalimu mkuu.

Habari ya penseli niliitunga, Hashimu. Nakuapia niliitunga hapa mezani, penseli ikiwa mkononi. Sasa huyu mtu ameniandikia kwamba ni kweli.

Na kuna Bibi Anyelwisye, jirani yetu. Mwanawe Amoni aliandikishwa mgambo siku moja na kaka yangu, na baba yangu marehemu ndiye aliyewaandikisha, alikuwa balozi wa nyumba kumi. Amoni hakurudi. Kila Jumamosi Bibi huja na jembe lake, anapalilia kaburi letu pamoja na Mama, kisha wanakwenda kwake wanapalilia la Amoni. Miaka kumi na minne hawajaacha. Ameanza kuuliza yule mgeni alitaka nini.

Siwezi kueleza zaidi. Simamisha.

Leah


Kariakoo
26 Aprili 1993

Mwalimu wangu,

Pole kwa hofu. Lakini nisikilize kama ndugu. Kila mwandishi huogopa kitabu kikikaribia mtambo, na mimi nimeshawashika mikono wengi. Huyo mtu atakuwa askari mstaafu mwenye kumbukumbu zake, anatafuta wa kuongea naye. Zama za kuogopana zimepita, vyama vingi vimekuja, watu wanasema wanavyotaka sokoni mchana kweupe.

Kiwandani wameshapanga herufi mpaka ukurasa wa tisini. Kama kuna sababu ya kweli niambie nami nitasimamisha kesho asubuhi. Kama hakuna, nitumie ile sura. Mtambo wamenipa wiki tatu tu.

Hashimu


Kisondela
6 Mei 1993

Hashimu, bahasha yako ilifika imebandikwa gundi upya. Kwa hiyo nakuandikia hivi, soma polepole.

Mimi mgomba nasema yaliyobaki.

Nilitolewa shambani na msichana wa miaka kumi na mitatu. Baba yake alimpa panga akamwambia, chagua shina la kimo cha kaka yako, likate safi. Msichana hakunikata safi. Alichimba akanitoa na tunguu langu, kwa sababu siku tatu mfululizo alikuwa akimpelekea kaka yake uji katika kibanda cha ndama nyuma ya migomba, na aliogopa kwamba akinikata safi, kaka atakufa kweli.

Kijana alikuwa amerudi kutoka vitani kwa miguu, peke yake. Baba akamficha. Kabla hajajua la kufanya wakaja viongozi na taarifa ya kifo, na nyuma yao kijiji kizima kinalia. Baba aliyewaandikisha watoto wa wenzake hakuweza kusema wangu yupo, anakunywa uji. Akasema, leteni shina.

Waliponiteremsha shimoni, yeye alikuwa anavuka mto Songwe mpakani. Yuko ng'ambo kwa jina jingine. Salamu zake zilikuja kila mwaka, mpaka miaka sita iliyopita zikakatika.

Mimi nachipua. Kila wakinikata nachipua. Ndizi zangu hakuna anayezila, huozea juu. Jirani huja kunipalilia na kunililia, naye alizika shina lake lililokatwa safi.

Aliyenisikia anyamaze. Asiniweke mahali pa watu kuniona.

Mgomba


Kariakoo
19 Mei 1993

Leah, Leah,

Nilijua unayo. Nilijua tangu Februari kwamba ile sura imo kifuani mwako unaibania. Na hila yako ya kuitanguliza na habari ya gundi, kana kwamba ni siri inapenyezwa, nimecheka peke yangu ofisini. Nimeiacha hiyo, nimeanzia pale mgomba unaposema. Ule mstari wa kumtaka msikiaji anyamaze umenisimamisha nywele.

Nimekimbia nayo kiwandani siku ileile. Imepangwa, imechapwa, ni kurasa tatu za mwisho. Nakala mia tano zitafungwa wiki ijayo, na sanduku la kwanza, nakala ishirini, nitalipakia mara moja kwenye basi la Tukuyu kwa jina lako. Umwonyeshe hata mwalimu mkuu.

Mhariri wako anayejivuna,
Hashimu


Kisondela
29 Mei 1993

Hashimu,

Barua hii anakuletea Shamimu mkononi, amesema anakuja huko kumtazama baba yenu, Mzee Maulidi. Sikuipitisha posta.

Ile haikuwa sura. Ilikuwa barua yangu kwako. Uliniambia nikupe sababu nami nikakupa, kwa sauti ya mgomba ili mwingine akiifungua asielewe. Niliwaza, Hashimu amekulia Ibighi, alishika ncha ya sanda, ataelewa. Hukuelewa, ukaipeleka mtamboni. Nimekasirika mpaka nimeshindwa kulia.

Sasa nasema wazi. Kaka yangu Ambindwile hakufa. Alitoroka jeshini, tukazika mgomba huku tunajua. Tulilia kwa sauti mbele ya watu, mimi nikiwemo, na Bibi Anyelwisye alinishika kichwa akanituliza kabla ya taarifa ya Amoni kumfikia yeye wiki moja baadaye. Kitabu hiki kikisomwa, kaka atatafutwa. Na kama hakuna wa kumtafuta, kama unavyosema zama zimepita, bado yupo Bibi. Yule wa jeshi namwogopa. Bibi namwogopa zaidi.

Utaniuliza kwa nini niliandika basi. Kwa sababu miaka sita hajaleta salamu, na nilitaka kama yu hai popote asome ajue tunguu bado liko ardhini. Ningeandika jina lake halisi ningemmaliza. Nikaandika mgomba. Nilijiona mjanja.

Zuia kitabu. Na yule mgeni aliandika kwamba atarudi mwezi wa sita, nao umefika.

Leah


Kariakoo
6 Juni 1993

Dada yangu Leah,

Nimesoma barua yako nimesimama, Shamimu ananitazama. Sina la kujitetea nalo. Nilikuwa natafuta ishara, na mtu alikuwa ananiambia habari za ndugu yake.

Nimekwenda kiwandani. Nakala mia nne na themanini nimezifungia hapa chumbani, nalala juu yake. Hakuna aliyezisoma ila mpanga herufi, naye husoma herufi, hasomi maneno. Lile sanduku la ishirini sikuwahi kulizuia. Dereva anasema limeshushwa stendi Tukuyu tarehe mbili. Lifuate leo, kabla mtu hajalifungua.

Nilimwambia Baba. Ana miaka themanini sasa, haoni uzi. Akasema yeye alijua siku ileile. Alipolifunika shina lile mkono wake uligusa tunguu lenye udongo mbichi, akaongeza dhiraa nzima ya kitambaa miguuni kulificha, na mimi nimesimama pale na ncha yangu sioni kitu. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema, "Fundi hushona alicholetewa."

Niambie la kufanya. Ukisema nichome, nachoma.

Hashimu


Kisondela
27 Juni 1993

Ndugu yangu Hashimu,

Usichome. Nitakueleza la kufanya, lakini kwanza usikie, maana wewe ndiye pekee wa kumwambia.

Sanduku nililikuta stendi kwa muuza tiketi, amelikalia, kamba haijaguswa. Nililifikisha nyumbani kwa miguu, nikalisukuma chini ya kitanda.

Jumamosi ya jana yule mgeni wa gazeti, jina lake Rodrick, alirudi. Nilimwona tangu mbali anapanda kilima, anachechemea, na nikamwambia Mama tuondoke kupitia shambani. Mama alikataa. Kumbe alfajiri alikuwa ameukata mkungu wa mgomba ule, wa kaburini, na ndizi zake zilikuwa jikoni zinachemka, mbalaga, chakula chetu cha ndizi, sufuria nzima. Nilipotambua ni ndizi za wapi nilitaka kuzimwaga. Nilidhani hofu imemharibu akili.

Rodrick aliingia akakaa ukingoni mwa kiti. Kwa karibu nilimwona vizuri: mtu wa makamo, jasho linamtoka, na hapa kwetu unajua baridi ya Juni. Akaanza kwa kuniomba nisimfungulie kesi. Mimi, Hashimu. Alikuwa kiongozi wa kikosi chao. Ambindwile alikuwa amemzika mwenzake kwa mikono, na baada ya siku hiyo hakuweza tena kushika bunduki, alitetemeka hata akilala. Rodrick akamwambia nenda, kisha akamwandika pamoja na waliokufa, kwa penseli, mbele ya macho yake, karibu na daraja moja huko. Miaka yote hakujua kama kijana alifika au alifia njiani kwa ajili ya ruhusa yake. Aliposoma gazeti akaamini najua kila kitu na nimeamua kumwanika. Amekuwa akituogopa sisi kuliko tulivyomwogopa yeye.

Wakati anasema hayo Bibi Anyelwisye alikuwa amesimama mlangoni na jembe lake, kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Sijui alisikia kuanzia wapi. Mama hakushtuka. Nadhani alikuwa akimngojea. Alipakua sahani mbili, moja akampa mgeni, moja akaiweka mbele ya Bibi, akasema kwa Kiswahili chake kichache:

"Kuleni. Ni za kule juu. Pale hatujazika mtu."

Hapa kwetu hakuna anayekula ndizi ya kaburini, kwa hiyo hapakuwa na la kueleza zaidi. Bibi aliitazama sahani. Nilitamani anipige, au apige yowe kijiji kije, yaishe. Aligeuka kwa Rodrick akamuuliza jambo moja tu:

"Na wa kwangu je?"

Rodrick aliweka sahani chini. Akamuuliza jina la mwanawe, akaambiwa Amoni. Akasema, "Amoni ndiye yule Ambindwile aliyemzika. Nilikuwepo, Mama. Nilishika miguu."

Bibi hakulia. Alikaa chini, akavuta sahani, akala ndizi moja mpaka ikaisha, polepole, akimtazama Mama. Zilizobaki akazifunga kwenye jani la mgomba za kwenda nazo. Alipofika mlangoni akasema, "Mmenigawia sasa. Miaka yote mlikuwa mnakula peke yenu." Mama akainamisha kichwa. Na mimi nikamkimbilia uani, nikamwambia kila kitu, kitabu, sura, sanduku, nikamuuliza anataka nifanye nini na kwamba lolote atakalosema nitafanya.

Akauliza kama kitabu kinafika Busokelo, kinafika Kyela, kila mahali walikozika mashina. Nikasema kinaweza kufika.

Akasema, "Kitoe hicho kipande cha mwisho. Mimi nimejua wa kwangu amelala. Sitaki mama wengine waanze kungoja."

Kwa hiyo chukua wembe. Kurasa ni tatu, zikate karibu na uzi, zichome hizo tu. Kitabu kingine kibaki, mgomba ujiulize bila kujibiwa kama nilivyoandika mwanzo, na wakikurudishia uvumilie. Jumamosi ijayo sijui kama Bibi atakuja na jembe. Mama ameshaliweka lake mlangoni.

Sanduku langu nimelimaliza jana jioni kwa wembe wa kunolea penseli za watoto. Nimekata nakala kumi na tisa, safi.

Ya ishirini sikuikata. Bibi sikumwambia, nawe usimwambie. Shamimu atavuka nayo Alhamisi kwenda Karonga, ndani ya vitenge, amwachie muuza chumvi mmoja ambaye zamani salamu za kaka zilipitia kwake. Niliifunga kwa mikono ileile iliyochimba tunguu siku ile. Naogopa, Hashimu, na nimeifunga vizuri.

Leah